Pikipiki Isiyovuja Jumapili

Jumatatu asubuhi msimamizi wa hoteli alinirudishia mashati kumi na mawili ya wahudumu, yote mapya, yote nimeyashona mwenyewe, na yote yananuka petroli. Aliyatua juu ya meza yangu ya kukatia akasema mpishi amekataa katakata wahudumu wasogee jikoni.

"Mpishi anasema yeye ana moto, na wale wamevaa mafuta," aliniambia. "Tangu jana chakula kinapitishiwa dirishani."

Ningeweza kuomba radhi, nikayafua mashati, mambo yakaisha. Lakini mimi nikiaibishwa mbele ya mtu, mdomo hutangulia na akili hufuata nyuma inahema. Mama husema nimelirithi hilo kwa shangazi zangu, na shangazi zangu husema nimelirithi kwa mama. Basi nikasimama, mikono kiunoni, nikatangaza kwamba kosa si langu, kosa ni la ile pikipiki kuukuu iliyoko barazani chini ya dirisha la chumba changu cha kushonea. Inavuja. Na kama panapovuja hapatajulikana na kuzibika kufikia Ijumaa saa kumi jioni, nitamwita Mzee wa Mizani aje aibebe.

Mzee wa Mizani ndiye mnunuzi wa vyuma chakavu mtaani kwetu. Akishachukua kitu chako, ukikiona tena kimekuwa sufuria.

Msimamizi akasema amenisikia. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu aende shuleni, akatoa kalamu mfukoni akaiandika ile saa na ile siku nyuma ya daftari lake. Na mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage barazani, akasema bila kuinua uso, "Baba yako angekuwapo isingevuja."

Ulimi hauna mfupa. Msimamizi alipoondoka tu nikaanza kujuta, kwa sababu pikipiki ile ni ya marehemu baba. Alikuwa mpeleka barua wa posta kwa miaka thelathini, na miaka yote hiyo alikuwa juu ya chombo kile kile. Alipostaafu walimwachia, nadhani kwa kuwa hakuna kijana yeyote pale ofisini aliyeweza kuiwasha. Baba alipofariki, mama alihamia kwangu, na pikipiki ikaja naye siku hiyo hiyo, imelazwa kwenye gari la mizigo katikati ya kitanda na kabati. Sikuwa na kitu kingine cha baba. Viatu vyake alichukua kaka, saa yake ilikufa siku tatu baada yake. Pikipiki ndiyo niliyobaki nayo, naipanda kila asubuhi kupeleka nguo kwa wateja, na nikiwa juu yake huwa naongea na baba mambo mengi ambayo hayakuhusu wewe.

Sasa nilikuwa nimeiahidi kwenye mizani mbele ya mashahidi.

Uvujaji wenyewe ulikuwa na wiki tatu. Kila nikimaliza kushona jioni nikienda barazani nakuta doa la petroli sakafuni, upana wa kisahani cha chai, na harufu imeshaingia dirishani na kukaa ndani ya vitambaa. Mume wangu alikuwa wa kwanza kulishughulikia tatizo, kwa njia yake. Aliweka kibakuli chini ya injini, akawa kila akirudi kutoka shuleni saa kumi anapima mafuta yaliyodondoka kwa kijiko cha chai. Alichora grafu, akaibandika ukutani karibu na kalenda.

"Njoo uone," aliniambia Jumatatu ile jioni. "Asubuhi haivuji. Usiku haivuji. Inavuja kati ya saa nane na saa kumi mchana. Jumatatu vijiko vitano, Jumanne vitano na nusu, mpaka Ijumaa. Jumamosi sifuri. Jumapili sifuri."

"Kwa hiyo pikipiki ni ya serikali," nikamwambia. "Mwisho wa wiki haifanyi kazi."

"Takwimu hazina mzaha, mke wangu."

"Na mimi sina mzaha. Panapovuja ni wapi?"

Hapo hakuwa na kijiko cha kupimia. Alikuwa ameshajaribu tiba moja wiki iliyotangulia, aliyoipata kwa mwalimu mwenzake wa jiografia, ya kusugua sabuni ya mche kwenye maungio ya tangi. Kesho yake nilinyeshewa nikiwa njiani na magauni mawili ya mteja. Pikipiki ilitoa povu. Nilipita sokoni nikiwa katikati ya povu mpaka magotini, watu wakanipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tena.

Jumanne nikaisukuma kwa fundi. Fundi wetu anaitwa Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Ukimuuliza pikipiki yako itakuwa tayari lini, kesho. Ukimuuliza mkewe atajifungua lini, kesho. Ila kazi yake anaijua, na ana adabu ya kuuliza kabla ya kushika bisibisi.

"Dada, ukifika nyumbani koki ya mafuta unaifunga?"

"Naifunga."

"Kila mara?"

"Fundi, mimi nafunga koki kabla sijavua helmeti."

"Kuna mtu mwingine anayeigusa?"

Nilicheka. "Nani? Mume wangu anaogopa hata kuipangusa vumbi. Na mama yangu hajawahi kupanda hata baiskeli."

"Basi tutaiweka vile vile kama inavyokaa kwenu," akasema, akaifunga koki, akatandika gazeti safi chini ya injini na kuiacha.

Jumatano jioni alinirudishia mwenyewe. Gazeti lilikuwa kavu. Kesho alikuwa ameshalisoma lote, mpaka matangazo ya waliopotelewa na vyeti.

"Haina ugonjwa hii," aliniambia. "Labda mna nyumba inayovuja."

Nilimtazama kwa jicho ambalo wateja wangu wanalijua. Akaona bora aongeze jambo la maana. Akasema nisage chaki, niupake unga wake kwenye kabureta nzima, kwenye mpira wa mafuta, kwenye koki na chini ya tangi, halafu nisubiri. Petroli ikipita itauosha unga na kuacha njia, nami nitaifuata ile njia mpaka inapoanzia.

Mimi chaki ninayo. Fundi cherehani akikosa chaki amekosa kazi. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mama akiwa nyuma ya nyumba anaanua nguo, nikasaga vipande vitatu vya chaki ya bluu, nikaupaka unga kwa brashi ya kupaka poda usoni, taratibu, mpaka pikipiki ya baba ikafanana na mtu aliyepiga chafya kwenye ghala la saruji. Kisha nikarudi kwenye cherehani, nikamalizia suruali mbili.

Saa kumi nilitoka na mume wangu, naye ana kijiko chake. Kibakulini mlikuwa na mafuta. Nikapiga magoti. Tangi lilikuwa na unga wake wote. Mpira wa mafuta ulikuwa na unga wake wote. Lakini pale chini ya kabureta, kwenye kile kibomba kidogo kinachotazama sakafu, unga ulikuwa umeoshwa ukabaki mstari mmoja safi. Nikampigia Kesho simu papo hapo.

"Hicho ni kibomba cha kumwagia yaliyozidi," akasema. "Kuna sindano ndani ya kabureta, bakuli likijaa inaziba mafuta yasiingie tena. Sindano ikiisha ncha haizibi, bakuli linafurika, yanatokea hapo. Lakini dada, hilo hutokea tu koki ikiwa wazi. Koki ikifungwa mafuta yatatoka wapi?"

"Koki imefungwa. Naiona hapa. Imefungwa."

"Angalia unga wake."

Nikaangalia. Koki ilikuwa safi, inang'aa. Unga wote wa bluu ulikuwa umefutika, na umefutika kwa vidole.

Nikamgeukia mume wangu. Sitaeleza yote niliyomwambia, kwa kuwa mengine niliyaomba radhi baadaye. Yeye alijitetea kwa hoja tatu zenye namba, kwamba alikuwa darasani, kwamba ana wanafunzi arobaini na wanne wa kumshuhudia, na kwamba vidole vyake vina chaki nyeupe tu, kama ninavyoona. Halafu naye, kwa kuwa alishachokozwa, akauliza kama mimi nina hakika kwamba sitembei nikiwa usingizini mchana.

Tulikuwa bado tunarushiana maneno mama alipotuletea chai barazani. Aliweka sinia, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kulivuta sikio lake la kushoto kama kawaida yake akiwa anahesabu kitu kichwani.

"Mama," mume wangu akasema kwa upole, "una kitu cha bluu sikioni."

Sikio zima lilikuwa la bluu. Na pua kidogo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikunywa chai yangu yote ikiwa ya moto vile vile, na mume wangu alinitazama kwa wasiwasi zaidi kuliko nilipokuwa napiga kelele.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yangu ya mwisho. Saa nane nikaketi kwenye cherehani, nikatoa uzi, nikatoa kitambaa, nikaanza kuikanyaga tupu ili mama asikie mlio wa kila siku. Nilikanyaga nusu saa nzima bila kushona chochote, shingo nimeigeuza dirishani kama bata, miguu inaniuma. Saa nane na nusu kamili mama akatoka. Alikuwa na kitambaa mkononi. Akaipangusa siti ya pikipiki, mbele na nyuma, kisha akainama, akaigeuza koki, akaligonga tangi kidogo mara mbili kwa kiganja. Akavuta kiti, akakaa upande ule mwingine wa pikipiki, akaangalia barabara.

Nikatoka.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nafungua mafuta. Saa nane na nusu hii."

"Ya nini?"

"Si baba yako anaondoka saa tisa. Kabureta yake inachelewa kujaa. Usipoifungulia mapema atapiga kiki mpaka shati liloe, na barua za mchana zichelewe. Yeye alikuwa akila anajinyoosha kidogo, mimi namfungulia. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi."

Nilidhani akili ya mama imeanza kuondoka na mimi nimekaa dirishani nikivizia koki. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mkono, nikauliza taratibu kabisa, "Mama, baba yuko wapi?"

Akaniangalia kwa masikitiko, kama mtu aliyesomesha mtoto bure. "Baba yako amefariki, mwaka wa pili huu. Nilimfumba macho mimi, wewe ulikuwa jikoni unalia. Unaniuliza maswali gani?"

"Sasa kama unajua..."

"Mimi najua," akasema. "Pikipiki ndiyo haijui. Nani aliiambia?"

Nilikuwa nimeongea nayo barabarani mambo chungu nzima, lakini hilo sikuwahi kuiambia.

"Na saa tisa nikiona hakuna aliyetoka naifunga," akaongeza. "Mafuta si ya kuchezea. Jumamosi na Jumapili siigusi, hakuna barua za mchana."

Hapo tone likaanguka kibakulini. Tulilisikia wote wawili. Likafuata la pili. Mama akainama upande, akakitazama kibakuli, akakitazama kile kibomba, akanitazama mimi.

"Hiyo harufu mnayoilalamikia mimi siisikii," akasema polepole. "Nimelala nayo miaka thelathini." Kisha akalivuta sikio. "Kwa hiyo anayeipeleka kwenye mizani ni mimi."

"Si wewe, mama."

"Ni mimi. Basi nitaacha."

Ilikuwa rahisi hivyo. Mama asipogusa koki haitavuja, mashati hayatanuka, mpishi atawafungulia wahudumu mlango, nami nitakuwa nimetimiza neno langu mbele ya msimamizi. Lakini mama alikuwa ameshaikunja mikono yake miwili na kuilaza mapajani, imetulia, kama vyombo vya mtu aliyestaafu. Roho iliniuma sana kuiona hivyo. Nikaona siwezi. Nikachukua simu.

"Fundi, ile sindano ya kabureta unayo?"

"Ninayo. Nitaileta kesho."

"Nataka leo."

"Leo, leo?"

"Saa hii. Mzee wa Mizani nilishamwita, anakuja saa kumi."

"Dada," akasema Kesho, "hilo neno mimi kwa kweli silitumii."

"Baba yangu ndiye aliyekuletea barua ya mkeo ya kukukubali. Kwenye mvua."

Alifika saa tisa na dakika ishirini, amekimbia, ana bisibisi sikioni na sindano mpya ndani ya kiberiti. Alifunga koki, akafungua bakuli la kabureta, akalitoa boya, akaichomoa ile sindano ya zamani na kuniwekea kiganjani. Ncha yake ilikuwa imelika pembeni mpaka imefanya kimfereji. Mimi ninayewaambia wanafunzi wangu wote wa ushonaji kwamba sindano butu ni aibu ya fundi, nilikuwa nimeendesha nayo kwa wiki tatu. Mganga hajigangi.

Mume wangu alirudi kutoka shuleni mapema siku hiyo, akatukuta tumeizunguka pikipiki kama waliofiwa. Nyuma yake akaingia Mzee wa Mizani na mkokoteni wake, na nyuma ya Mzee wa Mizani akaingia msimamizi wa hoteli, ambaye alisema alikuwa akipita tu, ingawa njia yetu haiendi popote.

"Ipo wapi?" akauliza Mzee wa Mizani, akianza kukunja mikono ya shati.

"Subiri," nikasema. Nikaingia ndani nikatoka na shati moja la mhudumu, jeupe, nililolifua na kulipiga pasi, nikalitandika sakafuni chini ya kabureta. "Mama, fungua koki."

"Saa zimeshapita," akasema mama. "Saa hizi angekuwa ameshafika mtaa wa pili."

"Mama, tafadhali."

Akaifungua. Akaligonga tangi mara mbili. Tukakaa. Mume wangu alishika saa, Kesho alishika kichwa, Mzee wa Mizani akapewa chai akainywa huku akiipima pikipiki kwa macho kuanzia gurudumu la mbele. Robo saa ikapita. Msimamizi akauliza kama ni lazima tutumie shati la hoteli, mume wangu akamwonyesha saa. Nusu saa ikatimia. Nikaliokota shati, nikaligeuza huku na huku, nikalipeleka puani. Lilinuka pasi.

Nikampa msimamizi. Naye alinusa kwapa, kola na vifungo, akakubali kwa kichwa.

"Sasa mimi nabeba nini?" akauliza Mzee wa Mizani. Alikuwa na haki yake, nilimwita mwenyewe. Nikampa ile sindano kuukuu. Aliiweka kwenye mizani kwa makini yote, akasubiri. Mizani haikusogea hata kidogo. Akaifunga kwenye kipande cha karatasi, akaitia mfukoni, akasukuma mkokoteni wake akaenda zake.

Jumamosi na Jumapili mama hakuigusa pikipiki. Jumatatu, saa nane na nusu, nilikuwa kwenye cherehani nikishona kweli. Nikamsikia anaipangusa siti. Nikasikia koki. Nikasikia tangi linagongwa mara mbili. Nikaendelea kushona mpaka saa tisa, kisha nikavaa helmeti nikatoka.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mkono tayari umenyooka kuifunga koki. Aliponiona akaurudisha.

"Umechelewa dakika mbili," akasema.

Nikapanda. Nikapiga kiki moja tu, ikawaka. Mama akasimama, akanivuta kola ya shati ikakaa sawa, na sauti aliyoitumia sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu.

"Usichelewe kurudi."

Sikuwa na barua, wala sikuwa na nguo ya mteja. Nilizunguka mtaa mzima, nikafika mpaka posta, nikageuza, nikarudi. Na kesho yake, saa tisa, nikaondoka tena.